Sifa ya Kibanio

Samoni hana haja na maji ya moto, na hilo ndilo asili ya kazi yote ninayokusudia kuisifu hapa. Katika miezi ya Julai na Agosti uso wa Ziwa Michigan, ziwa la Marekani lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 58,000, hupata joto la kumridhisha kila mwogaji, nyuzi 20 na zaidi. Lakini chini ya uso huo, aghalabu kati ya meta 15 na meta 30, umo mpaka usioonekana kwa jicho, ambapo joto huporomoka ghafula, na samoni, ambaye raha yake ni maji ya nyuzi 10 hadi 13, hukaa kandokando ya mpaka huo akiwinda. Mpaka wenyewe haukai mahali pamoja. Upepo wa mashariki ukishika siku mbili tatu, huyasukuma maji ya moto kuelekea katikati ya ziwa, na ya baridi yakapanda karibu na gati za Ludington na Manistee, miji ya pwani ya mashariki. Ukigeuka ukavuma wa magharibi, mpaka huzama, na samaki wakazama nao. Basi mvuvi wa huko hana shaka kwamba samaki wapo. Shughuli yake ni kuchukua kipande cha madini kilichokunjwa mfano wa kijiko, kisicho na uzito wa kutajwa, kukipeleka katika kina alichokichagua, na kukidumisha hapo huku chombo chake kinakwenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Samaki huyo si mzaliwa wa ziwa lile. Maporomoko ya Niagara yalikuwa ukuta baina ya maziwa ya juu na bahari, mpaka Mfereji wa Welland, uliofunguliwa mwaka 1829, ulipoyazunguka na kuwapa njia wageni wasioalikwa: lamprei, mnyonya damu aliyewaangamiza trauti wa asili, na baada yake samaki mdogo wa jamii ya heringi, ambaye kwa kukosa wa kumla alizaliana hata katika kiangazi cha 1967 mizoga yake ikatanda pwani ikinuka. Mwaka 1964 jimbo la Michigan lilimkabidhi Howard Tanner shughuli za samaki, naye akaagiza mayai ya samoni aina ya koho kutoka Oregon. Vifaranga wakatiwa mitoni mwaka 1966, na mwaka uliofuata wakaongezwa samoni aina ya chinuki. Walinenepa kwa kuwala wale heringi kwa kasi iliyowashangaza hata waliowaleta. Watu wakafuata kwa vyombo vya kila namna, vingine havikustahili hata bwawa, na tarehe 23 Septemba 1967 dhoruba iliwakuta karibu na Frankfort, watu saba wakafa maji. Hao walikuwa wakivua samoni wa vuli, waliokuja juu juu karibu na midomo ya mito. Wa kiangazi, walio chini, ndio waliodai elimu.

Jibu la kwanza ni uzito. Mvuvi wetu wa pwani ana chubwi yake, nayo humtosha anapovua chombo kimetia nanga. Lakini mshipi unaoburutwa nyuma ya chombo huinuliwa na maji, na ili ushuke meta 25 wahitaji risasi nzito hata mtu akipata samaki hajui anavuta samaki au anavuta risasi. Wavuvi wa Visiwa vya Komoro walikifumbua zamani nusu ya kitendawili hiki katika uvuvi wao wa usiku wa vilindini, ule uliomtoa majini, mwaka 1952, silakanti, samaki wa kale aliyewashitua wanazuoni. Hufunga jiwe katika mshipi kwa fundo jepesi, jiwe likaupeleka chini, na mkono ukiutikisa kwa ghafula fundo hufumka, jiwe likabaki kilindini na mshipi ukawa huru. Lakini ngalawa yao imetulia, na jiwe ni la kupotea. Kwa mashua inayokwenda, uzito lazima ushuke na kurudi, na mshipi uuache katika wakati ambao si mtu auchaguaye bali samaki.

Chombo kilichobuniwa kwa ajili hiyo huitwa daunriga, nacho si kigumu kukieleza. Ni winchi ndogo iliyofungwa tezini, yenye mkono unaotokeza nje, roda nchani mwa mkono huo, waya mwembamba wa chuma, na mwisho wa waya tufe la risasi la kilo nne na nusu hadi tano na nusu. Ubavuni ipo saa ya kuhesabu urefu wa waya ulioshuka. Haya yote ni kazi ya kiwandani, na sina mashairi ya kuyatungia. Kinachonivuta ni kitu kidogo kuliko vyote, kibanio, kisichozidi urefu wa kidole cha shahada, kinachoning'inia karibu na tufe kwa kamba fupi: midomo miwili iliyovikwa mpira, na springi ya kuibana. Hapo ndipo mshipi hukutana na uzito, na hapo ndipo kazi yote hufaulu au huharibika.

Nilimtazama baharia wa mashua moja ya kukodiwa akiifanya kazi hii alfajiri, wala sikuchoka kumtazama. Kwanza alikitia chambo majini karibu na tezi akakiangalia kikicheza, kwani chambo kisichocheza vizuri juu hakitacheza chini, ambako hakuna jicho la kukisahihisha. Akaachia mshipi kama meta 6, kwa kuwa mwanga ulikuwa bado mdogo na samaki hawana hofu. Jua likipanda, huachia meta 20 au zaidi, ili chambo kiwe mbali na kishindo cha tufe. Kisha akaushika mshipi wa nailoni kwa vidole viwili vya kushoto, akaufanya kitanzi, akakisokota mara sita au saba mpaka nyuzi mbili zikawa uzi mmoja, akaifungua midomo ya kibanio kwa dole gumba la kulia, akakiweka kitanzi ndani, si katikati, si ukingoni, akaachia. Akavuta kidogo upande wa chambo, kujaribu; hakuridhika; akafungua tena na kukisogeza kitanzi unene wa ukucha kuelekea nje. Ndipo aliposhusha tufe, mkono mmoja katika breki ya winchi, na dole gumba la mkono wa pili likilalia gurudumu la mshipi kwa wepesi, kwa sababu mshipi ukitoka bila kizuizi huruka na kujifunga mafundo, na ukizuiwa mno huchomoka kibanioni kabla haujafika. Saa ilipoonyesha kipimo alichokitaka alikaza breki, akauchomeka ufito mahali pake, akauvuta mshipi mpaka ncha ya ufito ikainama kuelekea majini.

Ule unene wa ukucha ndio ustadi. Mshipi ukitiwa ndani kabisa, kibanio huushika kwa nguvu zote za springi, mawimbi yasiutoe, na samaki asiutoe pia. Ukitiwa ukingoni, kila wimbi linaloinua tezi huung'oa, na mtu hushinda akipandisha na kushusha tufe bila kuvua. Baina ya hayo mawili pana mahali pa haki, napo hubadilika kwa hali ya ziwa, kwa kina, kwa unene wa mshipi na kwa mvuto wa chambo chenyewe. Wala hapana kitabu kiwezacho kupataja, kwa kuwa kinachopimwa ni tofauti ya mvuto wa maji, ambao ni wa daima, na mvuto wa samaki, ambao ni wa ghafula. Tena ule ukaidi mdogo wa kibanio ndio unaopigilia ndoano katika taya la samaki kabla mtu hajagutuka. Watu husifu mafundo yasiyofunguka, na afungaye jahazi gatini ana haki ya kuyasifu; lakini fundo la namna hiyo halitaki ila nguvu na subira, ilhali kufunga kitu kistahimili msukosuko wa asubuhi nzima, kisha kiachie katika nukta moja kwa amri ya kiumbe asiyeonekana, ni kazi inayotaka insafu ya mkono.

Mshipi wa nyuzi za kusukwa umeleta taabu yake, maana ni mwembamba na mtelezi, na midomo ya mpira haiupati barabara. Wapo basi wanaotumia kipete cha mpira, kile cha kufungia noti: hukizungusha katika mshipi mara tatu nne, hukipitisha ndani yake chenyewe, hukikaza, na kitanzi kinachosalia hutiwa kibanioni, samaki akipiga, mpira hukatika. Wengine huiona hila hii ya kimaskini. Mimi naipenda, kwa kuwa mpira mpya hukatika kwa nguvu ile ile kila mara. Uliozeeka kwa jua ndio hauaminiki.

Saa ya winchi nayo husema kweli na kudanganya kwa pamoja, kwani huhesabu waya uliotoka, si kina. Maji huusukuma waya nyuma, na waya wa meta 30 uliolala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima umelishusha tufe meta 26 tu. Meta 4 hizo zaweza kuwa ndizo tofauti ya maji ya samoni na maji ya mwogaji. Apimaye kina kwa bildi chombo kikiwa mwendoni huitupa mbele, ili kamba iwe wima anapoifikia. Mwenye tufe hana hila hiyo, hubaki kuutazama mlalo wa waya na kukisia.

Wako wasemao kwamba huu si uvuvi bali ni umekanika. Shutuma hiyo ina haki yake kwa vyombo vyenye winchi za umeme na vioo vinavyoonyesha tufe na samaki pamoja, na sitavitetea. Lakini hata katika mashua ya thamani kubwa, mshipi hutiwa kibanioni na mtu aliyeinama tezini, vidole vimelowa, na bei ya mashua haimsaidii kitu.

Samaki apigapo, ncha ya ufito hutetemeka, kisha ufito wote husimama wima na mshipi ukalegea. Mgeni hudhani samaki ametoroka, kumbe ndiyo kwanza amefika. Mwenye zamu huunyakua ufito na kuzungusha upesi mpaka ahisi uzito, na mwenzake, bila kuambiwa, hupandisha tufe, maana samoni wa kilo kumi akiuzungusha mshipi katika waya wa chuma hapana tena cha kuvuta. Toka hapo ni mtu na samaki, pasipo risasi baina yao.

Hata hivyo, mwenye kazi hujulikana kwa zile saa ambazo hakuna lililotokea. Fito zimeinama sawasawa, hakuna iliyoshituka, na mvivu husinzia. Aijuaye kazi huinuka, hugusa mshipi mmoja baada ya mmoja, hutafuta ncha ipwitayo tofauti na wenzake, kwa kuwa samaki mchanga aweza kushikwa na kuburutwa kimya kule chini, asiwe na nguvu ya kukifungua kibanio, na chambo kilichokwisha kaliwa na mdogo hakina faida kwa mkubwa. Baharia yule alipandisha mshipi ambao mimi niliuona uko salama kabisa. Alikuwapo samoni mdogo, amechoka, kinywa wazi. Alimtoa ndoano ndani ya maji bila kumshika mwili, akamwacha aende, akaupitisha mshipi katika kucha kutafuta mkwaruzo, akausokota upya, na mara hii akakitia kitanzi karibu zaidi na ukingo.