Kufumba, Kufunga na Kuziba Macho

Madhumuni ya makala haya mafupi ni kupambanua maana ya kitenzi "fumba" katika lugha ya hadhara ya Nairobi, ambako mara nyingine huchanganywa na "funga".

Aliyefungwa macho amefungwa kitambaa na mwingine. Aliyezibwa macho amewekewa kiganja au kizuizi. Lakini aliyefumba macho ameteremsha kope zake mwenyewe. Mzizi huo umo pia katika "fumbata", yaani kushika kwa kukunja ngumi. Katika "fumba", mkeka ulioshonwa kama mfuko. Na katika "fumbo", usemi uliofichwa maana yake. Katika yote hayo kifumbwacho kimo ndani, hakikupotea. Ndiyo maana kauli ya kutendua haiko mbali: aliyefumba aweza kufumbua.

Tuchukue mfano wa Kibra, eneo la bunge ambalo Sarang'ombe ni mojawapo ya wadi zake. Mwezi wa Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa huko Kibera kupisha barabara. Mkazi akisema juu ya jambo hilo, "Wakubwa wamefungwa macho," amewatetea pasipo kukusudia, kwani yuko mwingine aliyewafunga, nao hawakuona. Akisema, "Wamelifumbia macho," ameshtaki. Kauli ya kutendea humleta mbele yetu mtendaji pamoja na jambo lenyewe: waliliona, kisha wakateremsha kope.

Yafaa wasemaji wa majukwaani nao waizingatie tofauti hii. "Hatutalifumbia macho" ni ahadi, lakini ni ungamo pia. Mwenye kuahidi hivyo amekwisha kukiri kwamba analiona jambo, wala hawezi kudai baadaye kuwa hakujua.

Wapo watakaosema kwamba lugha ya mtaani haipimwi kwa mizani ya sarufi. Hoja hiyo haina nguvu hapa, maana kuchagua kitenzi ni kuchagua nani awajibike. Wala haifai "kufumbia macho" kufasiriwe kuwa ni upofu. Upofu si uamuzi wa mtu, na kipofu hana hatia. Kufumba ni uamuzi.

Kwa hiyo walimu wetu wasiridhike kuvifundisha vitenzi hivi kama visawe. Kila kimoja kifundishwe pamoja na mtendaji wake, ili mwanafunzi ajue kuuliza: macho haya, ni nani aliyeyafunika?