Hodi Kwenye Utando wa Seli

Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa NETTER-1. Wagonjwa 229 wenye uvimbe wa niuroendokrini wa utumbo, uliokwisha kusambaa, waligawanywa makundi mawili. Kwa makadirio ya watafiti, miezi 20 baadaye asilimia 65.2 ya waliopewa dawa yenye lutetiamu walikuwa hai na ugonjwa wao haujasonga mbele. Katika kundi la oktreotidi ya dozi kubwa, waliobaki katika hali hiyo walikuwa asilimia 10.8.

Tofauti kubwa namna hii ni adimu kwa saratani iliyokwisha kuhama mahali ilipoanzia. Ili kuifikia, watafiti walikaa zaidi ya miaka 40 na kipokezi kimoja, wakijifunza kinapokea nini, kiko wapi na kinafanya nini kikishapokea. Nataka tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua, kisha tuiweke kando ya saratani ya utumbo mpana, ambako kipokezi kingine kilitoa funzo gumu zaidi.

Kipokezi ni protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli, sehemu yake ikiwa nje na sehemu ikiwa ndani. Homoni hubisha hodi kwa nje. Kipokezi huisikia na kupeleka habari ndani, na seli ikabadili mwenendo wake.

Kutoka ubongo wa kondoo

Mwaka 1973, katika Taasisi ya Salk huko California, Paul Brazeau, Roger Guillemin na wenzao walikuwa wakitafuta katika ubongo wa kondoo kitu kinachochochea homoni ya ukuaji. Walichopata kilifanya kinyume, kiliizuia. Kilikuwa mnyororo wa asidi amino 14, nao wakauita somatostatini. Baadaye ikaonekana kwamba huzuia pia homoni nyingi za utumbo na kongosho. Kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake humwaga serotonini mpaka anaharisha mfululizo na uso kumwaka moto, hii ilikuwa habari njema.

Kikwazo kilikuwa muda, maana somatostatini huvunjwa mwilini katika dakika chache. Wilfried Bauer na wenzake katika kampuni ya Sandoz, Basel, walitumia ujuzi kwamba uzito wa kazi hubebwa na asidi amino 4 tu zilizo kwenye kona ya mnyororo. Wakazibakiza hizo. Mojawapo, triptofani, wakaibadilisha kwa umbo lake la kinyume, kama mkono wa kushoto ulivyo kwa wa kulia. Wakaufunga mnyororo kuwa pete kwa daraja la salfa, kisha wakaziba ncha zake ili vimeng'enya visipate pa kuanzia kukata. Ikazaliwa oktreotidi, yenye asidi amino 8, ambayo hupungua nusu damuni baada ya kama dakika 90. Mwaka 1986 Larry Kvols na wenzake wa Mayo Clinic walieleza walivyowapa wagonjwa 25. 22 kati yao walipata nafuu ya haraka.

Kutoka kutuliza hadi kuona

Huko Bern, Uswisi, Jean Claude Reubi alichukua vipande vyembamba vya uvimbe vilivyogandishwa, akavimwagia molekuli jamaa ya somatostatini iliyofungwa na iodini yenye mionzi, kisha akavilaza juu ya filamu. Palipokuwa na vipokezi, filamu iliungua ikawa nyeusi. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba uvimbe mwingi wa niuroendokrini umejaa vipokezi hivyo kuliko tishu nyingi za jirani.

Kama kipande kilicho mezani kinaonekana, mbona mwili mzima usionekane? Eric Krenning na Steven Lamberts wa Rotterdam waliichoma oktreotidi yenye iodini 123 kwa wagonjwa, wakachapisha picha zao mwaka 1989. Uvimbe ulionekana, lakini tumbo lilichafuka, kwa sababu dawa ilipitia ini, ikaingia kwenye nyongo na kumwagikia utumboni, pale pale walipotaka kuchunguza. Suluhisho likawa kubadilisha kibandiko. Waliweka indiamu 111 ndani ya kizimba cha kemikali, na dawa ikaanza kutoka zaidi kwa njia ya figo. Tumbo likasafika. Napenda sana hatua hii, kwa sababu inaonyesha kwamba kuijua shabaha hakutoshi. Lazima ujue pia dawa inapita wapi ikielekea huko, na inatokea wapi ikishamaliza kazi.

Vipokezi vya somatostatini ni aina 5, na kinachotawala katika uvimbe huu ni cha 2. Kina tabia moja muhimu: kikishikwa na molekuli inayokiamsha, humezwa na seli pamoja na mgeni wake. Basi badala ya kibandiko cha kupigia picha, mgeni anaweza kubeba silaha. Silaha hiyo ni lutetiamu 177 yenye mionzi; hupungua nusu kwa kama siku 6.6, na elektroni zake hazisafiri zaidi ya takriban milimita 2 ndani ya tishu. Seli iliyopokea huumia, na za jirani hupata sehemu yake. Figo zilihitaji ulinzi, kwani hunyonya tena peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino kama hii, kutoka kwenye kichujio chake. Kwa hiyo mgonjwa huwekewa dripu ya asidi amino aina ya lisini na ajinini, ambazo huzuia unyonyaji huo.

Matokeo ya NETTER-1 nayo yana mipaka. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 18 tu ya waliopimwa. Kwa wengi faida ilikuwa kusimama kwa ugonjwa. Katika hesabu ya mwisho, wastani wa kati wa maisha ulikuwa miezi 48.0 dhidi ya 36.3, pengo ambalo kitakwimu halikuthibitika. Hata hivyo, zaidi ya theluthi ya kundi la oktreotidi walikuwa wamepewa baadaye matibabu ya aina hiyohiyo.

Anayeitikia bila hodi

Sasa twende utumbo mpana. Seli nyingi za saratani yake zina EGFR, kipokezi cha hodi za ukuaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko San Diego, John Mendelsohn na Gordon Sato walitengeneza kingamwili za panya za kukiziba. Kutokana na mojawapo ikapatikana setuksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004.

Hoja ilionekana safi: pima kama kipokezi kipo, kisha kizibe. Lakini katika jaribio lililochapishwa mwaka huo, la wagonjwa 329 ambao wote walikuwa na EGFR, wingi wa kipokezi haukutabiri nani angepata nafuu.

Jibu lilikuwa ndani ya nyumba. EGFR hupeleka habari kwa protini iitwayo KRAS, ambayo kwa kawaida huwaka ikiitwa na kuzimika yenyewe. Jeni yake ikibadilika, haizimiki tena. Ni sawa na mwenye nyumba anayeita "karibu" usiku kucha hata kama hakuna aliyebisha. Ukiuziba mlango, yeye ataendelea kuita.

Mwaka 2008 Christos Karapetis na wenzake walipima sampuli 394 kutoka jaribio lililokwisha fanyika Kanada na Australia. Asilimia 42.3 zilikuwa na KRAS iliyobadilika. Kwa wagonjwa wenye KRAS ya kawaida, setuksimabu ilisogeza wastani wa kati wa maisha kutoka miezi 4.8 hadi 9.5. Kwa wenye iliyobadilika, ilikuwa miezi 4.5 kwa waliopewa na 4.6 kwa wasiopewa. Hao walibeba madhara ya dawa bila kuongezewa hata siku moja.

Lutetiamu inahitaji kipokezi kiwepo na kimezwe. Haijali kama habari zake bado zinasikilizwa ndani. Kingamwili ya kuziba inategemea seli iwe bado inakitii kipokezi hicho. Vipimo vya dawa hizi mbili haviwezi kuwa vilevile. Ndiyo maana kumwandikia mgonjwa wa utumbo mpana dawa ya kuziba EGFR kabla ya kupima jeni za RAS, ukoo wa KRAS, ni kosa ambalo leo halina udhuru.

Naifikiria tena ile hesabu ya sampuli 394. Vilikuwa vipande vya nyama vilivyochukuliwa kwa ajili ya kuthibitisha ugonjwa, vikahifadhiwa ndani ya nta, vikasubiri rafuni. Swali lilipokuja, jibu lilikuwepo tayari. Anayetunza stoo ya vipande hivyo katika maabara yoyote ya patholojia, akaviandika vizuri na kuvilinda na joto na unyevu, anafanya utafiti, hata kama jina lake halitaonekana kwenye jarida.