Jicho la Kijani: Kupima Ubora wa Redio za Kabati za Miaka ya 1930

Redio ya kabati iliyoundwa Marekani katika miaka ya 1930 ipimwe kwanza kwenye jicho lake, ikiwa inalo, yaani vali ya kijani inayoonyesha kama stesheni imenaswa vizuri. Vanishi ikichakaa hupakwa upya, lakini jicho lililofifia halina dawa. Redio za mwanzo zilikuwa na mshale wa mita, au kivuli kinachopanuka na kusinyaa kwenye kidirisha, kama katika baadhi ya redio za Philco na Zenith. Allen B. DuMont ndiye aliyebuni vali yenye uso unaong'aa, na mwaka 1935 kampuni ya RCA ikaiingiza sokoni kwa namba 6E5.

Ndani ya vali hiyo elektroni hupiga kibakuli cha chuma kilichopakwa unga unaotoa mwanga wa kijani. Sehemu moja hubaki na kivuli cha pembe ya nyuzi 90 hivi. Stesheni inaponaswa, volti hasi kutoka kwenye sakiti ya kusawazisha sauti hukibana kivuli hicho mpaka kiwe chembamba kama uzi.

Mng'ao na mwendo wa jicho visichanganywe. Mng'ao hueleza umri wa vali. Jicho zuri huonekana mchana, dirisha likiwa wazi. Muuzaji anayezima taa kabla ya kulionyesha amekwisha kutaja bei yake halisi. Kwenye jicho lililotumika sana, sehemu inayowaka muda wote huchujuka, na ile iliyozoea kukaa kivulini hubaki na kijani kibichi. Doa hilo halitengenezeki, na vali mpya haziundwi tena.

Mwendo hueleza afya ya redio yenyewe. Kivuli kikigoma kubana ilhali sauti ni safi na imetulia, mara nyingi kosa ni la rezista ya megaomu 1 iliyofichwa ndani ya soketi ya jicho, ambayo thamani yake hupanda kwa miaka. Ni kazi ya lehemu kidogo tu, kwa hiyo jicho lililoganda lisimtishe mnunuzi. Stesheni za karibu zikinguruma huku za mbali zikinong'ona, kapasita za karatasi na nta zinavujisha volti, na hizo hubadilishwa zote.

Pia lipo kosa la vali isiyo yake. 6E5 hufunga kivuli kwenye volti hasi 8 hivi, 6U5 kwenye 22. Ya kwanza ikipachikwa mahali pa ya pili, kingo za mwanga hupandana kwa kila stesheni yenye nguvu. Karatasi ya mpangilio wa vali, ambayo mara nyingi imegandishwa ndani ya kabati, hutoa jibu; ikiwa ingalipo, redio inastahili bei ya juu zaidi.

Kabati halihitaji muda mrefu. Vinia ya walnati itazamwe chini, karibu na sakafu, ambako unyevu huibandua. Baadhi ya redio za bei nafuu zilichapishwa tu mistari ya mbao.

Redio iliyolala miaka mingi isichomekwe kabla kapasita zake hazijakaguliwa. Nyingi ziliundwa kwa volti 110 hadi 120, hivyo kwenye umeme wa Tanzania au Kenya hutumia transfoma ya kushusha volti.