Sanduku la Risasi

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja tu, Antonio. Mwalimu akawafanya wengi. Somo langu huanzia hapo, kwenye jalada.

Hapa Lituhi wanafunzi hunijia na madesa: dhamira zimepangwa, kila alama ina maana yake mbele kama orodha ya bei. Wamekariri. Ukiwauliza kwa nini, kimya. Basi naandika ubaoni: mfanyabiashara, mchuuzi, tajiri, bepari. Chagueni. Ubishi unaofuata ndio dhamira yenyewe. Mmoja atasema bepari ni mnyonyaji, basi ni Shylock, mkopeshaji. Mwingine atadaka: mbona wingi? Antonio naye yumo? Hapo ndipo ninapowaambia kuwa neno hilo lilitoka Bara Hindi, na zamani lilimtaja mfanyabiashara yeyote, bila tusi ndani yake. Tusi lilikuja na siasa. Mimi naamini Mwalimu alizitaka maana zote mbili.

Kisha masanduku matatu ya wachumba wa Portia: dhahabu, fedha na risasi. Madesa yanasema risasi ni unyenyekevu, basi. Lakini nikitamka "sanduku la risasi", darasa hucheka, wakifikiria bunduki. Zamani niliwasahihisha haraka. Siku hizi nawaacha. Sanduku lile linamtaka anayelichagua ahatarishe kila alicho nacho, kwa hiyo aliyesikia bunduki hakupotea sana. Halafu mtoto wa mvuvi atakumbuka vipande vya risasi vinavyozamisha wavu: bila madini hayo mazito yasiyong'aa, wavu unaelea na samaki wanapita chini yake. Sasa wana maana mbili zinazovutana, na hakuna aliyewapa.

Ratili ya nyama ya mwili ambayo Shylock anamdai Antonio ndiyo ngumu, maana ratili hawaijui. Ni kama gramu 454, nusu kilo kasoro. Nawatuma buchani wakaangalie kisu. Muuzaji hukata, huweka kwenye mizani, hupunguza, huongeza kipande. Mkato wa kwanza hautoki sawasawa. Wakirudi darasani, sharti la Portia mahakamani kwamba Shylock akate bila kuzidisha wala kupunguza, tena bila kumwaga tone la damu, hawalioni tena kama ujanja wa hadithi.

Msichana mmoja alikwenda mbele zaidi. Kabla ya hukumu, Portia anauliza kama mizani ipo, Shylock anasema anayo tayari. Anauliza kama kuna tabibu wa kuzuia damu, Shylock anataka kujua kama hilo limo kwenye mkataba. Msichana akafunua nyuma, akasoma tena, kidole kwenye mstari.

"Mwalimu, kumbe damu alishamtajia mapema!"