Ramani Huria na Mitaro ya Dar es Salaam: Uhakiki

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora ramani za kidijitali za kata zinazokumbwa na mafuriko. Ubora wake umo katika maarifa ya wenyeji: mkazi hujua mtaro upi hufurika kwanza na maji huelekea nyumba zipi, mambo ambayo picha ya angani haiyaoneshi. Hata hivyo, mtaro uliochorwa ukiwa wazi huweza kuzibwa na mchanga na taka kabla ya masika yajayo, ilhali ramani ikaendelea kuuonesha kuwa unapitisha maji. Aidha, ramani ya mabomba ya majitaka huonesha sehemu tu ya jiji, kwa kuwa kaya nyingi hutumia vyoo vya shimo visivyounganishwa na mtandao huo. Shimo likifurika wakati wa mvua, uchafu huingia mtaroni, na ramani ya mabomba haina alama yake. Kwa hiyo, thamani ya ramani hizi ipimwe kwa mpango wa kuzihuisha: nani atarudi mtaroni, lini, na kwa fungu la nani. Pasipo majibu hayo, mafundi wataongozwa na ramani ya jiji lililokwisha kubadilika.