Milimita moja kwenye kichwa cha faili

Mashapo ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, yana pentlanditi inayobeba nikeli na pairotaiti tele, ambayo ni salfaidi ya chuma. Pairotaiti haina umbo moja: ya monokliniki hunaswa na sumaku, ya heksagonali karibu haishikiki. Anayechenjua mawe ya aina hiyo hutaka kujua anayo ipi, na difraksheni ya eksirei humjibu. Heksagonali huchora mstari mmoja karibu na angstromu 2.07, monokliniki huugawa mstari huo kuwa miwili, iliyopishana kwa takriban sehemu moja ya mia ya angstromu.

Tupige hesabu. Eksirei za shaba zina urefu wa wimbi wa angstromu 1.5406, na kigunduzi kimesimamishwa milimita 100 kutoka kwenye sampuli. Kwenye kigunduzi kila mstari huonekana kama duara: la 2.07 litaangukia milimita 95.5 kutoka kitovu cha mwale, la 2.06 milimita 96.3. Kwa pikseli za mikromita 172, kama za kigunduzi cha Pilatus, hiyo ni tofauti ya zaidi kidogo ya pikseli nne. Sasa kichwa cha faili ya picha, kinachorekodi umbali huo, kiandike milimita 101. Duara la 2.07 litasomeka 2.08. Mgawanyiko wa mistari bado utaonekana, lakini nafasi ya mstari wa heksagonali, inayotumika kukadiria kiasi cha chuma, imekwisha kupotoka.

Pikseli zenyewe hazina la kusema hapo. Hubeba idadi ya fotoni tu. Umbali, urefu wa wimbi na kitovu cha mwale hukaa kichwani.

Vichwa vya zamani, mfano vya vigunduzi vya ADSC, viliorodhesha majina na tarakimu: umbali, ukubwa wa pikseli, kitovu cha mwale. Tatizo halikuwa tarakimu bali mahali pa kuanzia kuhesabu. Kituo kimoja kilipima kitovu kutoka pembe hii ya picha, kingine kutoka pembe ile, na mahali pengine X na Y zilibadilishana nafasi. Mwandishi wa programu alilazimika kujua faili imetoka mashine gani.

Muundo wa faili wa imgCIF ulitatua jambo hili kwa kueleza mashine nzima kama mnyororo wa mihimili. Kila mhimili hutaja kama unazunguka au unateleza, vekta ya mwelekeo wake, ulipoanzia, na mhimili gani unaubeba. Kigunduzi kilichoinamishwa kisha kikasogezwa nyuma hujieleza chenyewe, na programu hukokotoa mahali pa kila pikseli bila kubahatisha. Hata hivyo, sharti mfumo wa majira utajwe: katika imgCIF Z huelekea chanzo cha eksirei, ilhali NeXus, muundo mwingine wa faili, huielekeza mwale unakokwenda. Anayehamisha data bila kugeuza alama atapata mashine iliyopinduliwa.

Kichwa kilichopangwa vizuri bado kinaweza kubeba umbali usio sahihi, kwa kuwa mara nyingi hunakili kile mota inayosogeza kigunduzi inachodhani. Hivyo maabara ipige kwanza picha ya unga wa kipimo, kama lanthanamu heksaboridi, ikokotoe umbali kutokana na maduara yake, kisha iandike thamani hiyo kichwani pamoja na tarehe ya usahihishaji.