Potasiamu si mfagiaji tu
Ule mchoro uliokariri kwa ajili ya mtihani (sodiamu inaingia, umeme unapanda; potasiamu inatoka, umeme unashuka) chimbuko lake ni kazi ya Hodgkin na Huxley ya 1952 kwenye neva nene ya ngisi. Kazi safi kabisa. Kasoro ni vitabu vyetu kuishia hapo, kana kwamba chaneli za potasiamu hufagia tu baada ya sherehe. Wapi! Mwaka 1971 Connor na Stevens walieleza, kwa seli za konokono wa baharini, mkondo wa potasiamu unaochelewesha pigo linalofuata. Ndiyo maana seli inaweza kupiga taratibu. Na koboko je? Sumu yake ina protini zinazoziba baadhi ya chaneli hizo, basi neva haitulii, inamwagia misuli kemikali kupita kiasi. Kwenye mchoro wako hilo liko wapi?